Mabibo ya Bi Somoe

Niliondoka Kikole kwa sababu ya midomo. Nilikula mabibo mawili, yale matunda ya mkorosho, kwa jirani yetu Bi Somoe, na kabla sijafika nyumbani midomo imevimba kama maandazi, koo linabana. Mama akatangaza nimelogwa. Akaacha kumsalimia Bi Somoe, rafiki yake tangu walipochezwa unyago pamoja, na kijiji kizima kikaanza kumkwepa yule mama wa watu. Niliona aibu mno. Nikasema naenda Lindi kupima damu, ukweli ujulikane.

"Tunakwenda wote," Mama akasema. "Wewe unadanganyika upesi."

Alfajiri tulipanda bodaboda mshikaki mpaka barabara kuu, Mama katikati na kikapu chake cha maembe, mapapai na mabibo. Eti watu wa maabara bila matunda watapimia nini? Kwenye basi kikapu kikanuka, abiria wakatununia, Mama akawanunia zaidi.

Saa tano tulikuwa Lindi. Dada wa maabara alinitoa damu, akafunga kichupa.

"Na matunda?" Mama akauliza.

"Tunapima damu tu, Mama. Inapelekwa Dar."

"Kwa hiyo nimebeba bure?"

"Aa, tutayala."

Wakayala kweli, mbele yangu!

Tulisubiri siku tisa kwa mama mdogo. Mama alipoanza habari za uchawi, mdogo wake akamkatisha: "Dada, Somoe amekukanda kiuno mwaka mzima. Mchawi gani huyo?"

Siku ya kumi majibu yakaja. Nina mzio wa mabibo na maembe.

"Damu yake inayakataa," dada wa maabara akaeleza. "Hata ukimpa wewe, Mama, atavimba."

"Hata mimi niliyemzaa?"

"Hata wewe."

Mama akabeba kikapu chake kitupu, akatangulia stendi. Jamani, kwenye basi hakumnunia mtu! Tukafika Kikole.

Tuliposhuka hakwenda kwetu. Alipiga hodi kwa Bi Somoe, aliyekuwa jikoni anaepua ugali.

"Mwenzangu, nimekukosea. Ubaya umo kwenye damu ya mwanangu, si mkononi mwako."

Nilitegemea atatutukana, na tulistahili. Bi Somoe akakaa chini, akalia.

"Nilishaanza kuamini," akasema. "Wajukuu nimeacha kuwapakulia. Nauogopa mkono wangu."

Hapo ndipo nilipojua ugonjwa niliokwenda kuupima ulikuwa wa nani. Mimi nilivimba siku mbili tu. Aliyeumwa ni yeye.

Mama akachukua sahani, akaketi mbele yake.

"Basi nipakulie mimi kwanza."