Barafu Iliyopandwa na Homa

Mume wangu akisikia naanza kusimulia hii huinuka akaenda kukagua migomba, maana aibu ni yangu lakini baba ni wake.

Ilikuwa miaka ile kiwanda chetu cha chai hapa Tukuyu kimeuzwa kwa mtu binafsi, meneja mpya anapunguza watu, na mimi fundi wa vipimo nimeambiwa nithibitishe mbele ya wakulima kwamba kipimajoto cha tanuri la kukaushia hakidanganyi, nikishindwa analetwa fundi kutoka Dar. Kazi yenyewe nyepesi: kile kijiti chake cha chuma kina waya mwembamba ndani, ukinzani wake hupanda na joto, ukikichomeka kwenye barafu iliyopondwa sharti kisome sifuri. Nikajaza barafu kwenye chupa ya chai, nikachomeka, namba kwenye kioo chake cha ukutani zikaanza kushuka, na mimi kichwa kinavimba kwa sifa.

Ndipo nikasikia kikohozi mlangoni. Baba mkwe. (Kumbe wakulima wa Kisiba walimchagua yeye awe shahidi wao, na mimi sikuuliza nani anakuja.) Sasa kwetu Wanyakyusa mke wa mtu haonani uso kwa uso na baba mkwe, akimsikia anapotea, na mimi miguu ilipotea kabla ya akili: nikajibanza nyuma ya magunia, kijiti kimo mkononi, waya unanifuata. Namba zikaanza kupanda. Nikakikumbatia kifuani (eti nakificha), zikafika thelathini na tano.

"Barafu gani hii?" meneja akauliza. "Kifaa kibovu. Na fundi yuko wapi?"

Mkulima mmoja akasema labda barafu ina malaria, wakaangua kicheko. Mimi machozi yananitoka, maana kutoka ni kumvunjia mzee heshima, kukaa ni kupoteza kazi.

"Kifaa kizima hicho," mzee akasema taratibu. "Kinampima mkwe wangu. Ngojeni nigeuke, halafu mwambieni akirudishe."

Akageukia ukuta, akajifunika koti kichwani. Nikatoka kinyumenyume, nikachomeka, tukabaki tumepeana migongo, hadi meneja akauliza kama tumegombana. Namba zikashuka polepole, zikatulia kwenye sifuri.

"Haya, shahidi," meneja akasema, "umeridhika?"

"Ndaga," mzee akashukuru kwa Kinyakyusa chake, uso bado ukutani. "Wakulima tumeona kwa macho yetu."

Kazi ikabaki yangu. Ila tangu siku ile siipondi barafu kabla sijajua wageni ni akina nani na wamezaa akina nani.