Pasi Iliyobaki Area 49

Kwa nini mtu asafiri tangu alfajiri kufuata pasi yake ya nguo, asubiri hadi aliyenayo akubali kuirudisha, halafu aikatae ikiwa imeshawekwa mbele yake? Baba aliniuliza hivyo jioni mimi na mama tuliporudi kambini Dzaleka mikono mitupu. Nyumbani mimi ndiye wa kuuliza. Kuulizwa sikuzoea, na siku ile nilikuwa nimechoka na kila mtu, yeye akiwa wa kwanza, kwa sababu mambo yote aliyaanzisha yeye.

Baba ni shemasi. Shemasi akipewa kipaza sauti hakirudishi kabla hajatoa ushuhuda, na ushuhuda wa baba ni pasi. Alifika Malawi mwaka mmoja baada ya mama na mimi, akamkuta mama ameshapata chumba, anashona kwa cherehani ya kuazima, na pembeni pasi ya makala, ya mkaa, inatoa moshi.

"Nilipoona ile pasi," husema, "nilijua Mungu hakutuacha. Pasi ya mama mkwe wangu, bandugu! Imetoka Bukavu, imepita Tanzania yote, juu ya kichwa ya muke wangu!"

Watu husema amina. Mama hujifunga upya kitambaa cha kichwa. Ushuhuda huo nimeusikia mara nyingi kuliko wimbo wowote.

Jumapili moja kanisa lilipata mgeni, mzee wa Kimalawi aliyestaafu kazi ya serikali na anayeishi Area 49, mtaa wa mjini. Baada ya ibada alimfuata baba akaomba kuiona pasi hiyo kwa macho yake. Akaeleza kwamba ana makumbusho nyumbani kwake, makumbusho ya pasi tu, na kwamba ya kutoka Kongo hana. Mama alikuwa bado kanisani kwenye kikao cha akina mama. Aliporudi, pasi ilikuwa imeshaondoka, imefungwa ndani ya kitenge chake mwenyewe.

"Ni heshima," baba alimwambia. "Bantu bataiangalia."

"Baiangalie. Na mi nguo ya bantu nitaipasi na nini? Na Biblia yako?"

Mama ni fundi cherehani. Nguo isiyopigwa pasi, anasema, haijashonwa, imeunganishwa tu. Umeme wetu hauna adabu: huja watu wakiwa wamelala na kuondoka wakiamka. Kwa hiyo mama alianza kuazima pasi ya jirani yetu, mama mmoja wa Kinyarwanda anayeuza maharage. Juma la kwanza jirani alimletea mwenyewe, ikiwa na makala ndani. Juma la tatu aliitoa dirishani. Juma la tano alisema, "Dada, hata pasi nayo inachokaka," na mama akaelewa. Ikawa vibaya zaidi kwa sababu kanisa lilikuwa limempa kazi ya majoho ya kwaya, meupe, kola mara mbili, yavaliwe Jumapili kwenye mkutano wa makanisa yote. Majoho yalikuwa yameshashonwa yote. Yalikuwa yamejikunja kwenye gunia kama karatasi za chooni.

"We njo mwenye kujua Kichewa na Kizungu," mama aliniambia Alhamisi alfajiri. "Tuende, useme. Nataka pasi yangu."

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo. Shahada yangu ilikuwa imeshapata kazi moja, ya kujaza fomu za majirani bila malipo. Nikaona hapa angalau kuna kesi ya maana: mali imetolewa na asiyekuwa mwenye mali. Njia nzima nilipanga hoja zangu, ya kwanza hadi ya nne. Mama alisinzia.

Makumbusho yalikuwa gereji. Mlango umepakwa rangi ya kijani, na juu yake bango lililoandikwa kwa mkono. Mzee alitoka amevaa tai, saa nne asubuhi, nyumbani kwake. Shati lake lilikuwa na mikunjo. Nilimwonyesha mama kwa jicho, mama akanifinya.

"Amayi, zikomo, zikomo kwambiri!" Alimshukuru mama kwa kuja kana kwamba alituita yeye. Mimi na yeye tulizungumza Kichewa, na Kiingereza kikiingia kila hoja ilipokuwa kali, nami nikawa namfasiria mama. Nikamwambia tumefuata pasi. Akasema kwanza kuna daftari la wageni. Mama aliandika jina lake na saini ndefu yenye mkia, ile waliyofundishwa na masista. Nikamwambia tena tumefuata pasi. Akachukua fimbo nyembamba ya mwanzi, akasema historia haianzii mwisho.

Kwa hiyo tulitembezwa. Sijui kama umewahi kutembezwa mbele ya vitu vilivyojaa kila nyumba ya mtaani kwenu, ukielezwa taratibu, na fimbo. Rafu tatu za pasi. Za makala, za chuma kitupu zinazowekwa juu ya moto, moja ya mafuta ya taa ambayo mzee alisema haijawahi kumlipukia mtu, kisha akafikiri, akasema, haijawahi kumlipukia mtu *vibaya*. Kila moja ina kadi iliyofunikwa plastiki.

"Hii," alisema, "ilinyoosha suruali za gavana."

"Umejuaje?"

"Mpishi wake alinieleza."

"Mpishi mwenyewe, au mtoto wa mpishi?"

"Mjukuu."

"Alikuwa na barua? Picha?"

"Alikuwa na pasi," mzee alisema.

Iliyofuata ilikuwa ya umeme, waya wake umefungwa kitambaa. Kadi ilisema imeunguza magauni matatu ya harusi. Nikauliza kwa nini matatu, moja halikutosha kuwafundisha? Akanitazama kwa huruma. "Waliendelea kuiazima," alisema.

Mama hakusikiliza hata kidogo. Alikuwa anazigeuza. Anaichukua pasi rafuni, anaipindua, anapitisha kidole gumba chini yake, anairudisha. "Hii iko na kutu. Hii itachafua nguo nyeupe. Hii, tundu zake zinamwaga majivu. Hii haijapiga hata leso."

"Amayi, tafadhali, vitu haviguswi."

Nikamfasiria.

"Mwambie pasi haiangaliwake juu. Inaangaliwaka chini."

Nikamfasiria. Mzee akaandika maneno hayo kwenye kijitabu. Nilitamani kupiga kelele.

Pasi yetu ilikuwa mwisho, peke yake, juu ya meza yenye kitambaa chekundu. Nilichelewa kuitambua kwa sababu iling'aa. Mzee alikuwa ameipaka rangi nyeusi ya mafuta, mfuniko, mbavu, hadi ncha. Mama aliipindua.

"Ameipaka rangi chini," alisema. "Chini! Mutu anapaka pasi rangi chini!"

"Itatoka, mama. Tutaikwangua na mchanga."

"Mwulize kama sufuria yake pia anaipakaka ndani."

Hilo sikulifasiria. Nilikuwa nasoma kadi. Ilikuwa ndefu kuliko kadi zote: pasi iliyobebwa kichwani na mama mkimbizi kutoka Bukavu hadi Dzaleka, urithi wa mama yake mzazi, ikiwa bado na majivu ya jiko la kwao.

"Majivu?" niliuliza. "Nani alikuambia habari ya majivu?"

"Baba yako."

"Baba yangu alikuwapo njiani?"

Akaipangusa kadi kwa ncha ya tai.

Hapo nilifunguka. Nilimwambia amechukua kitu cha mtu kwa mtu mwingine, na habari za mtu kwa mtu mwingine, akaziandika na kuzifunika plastiki, na mwenyewe hakuulizwa neno. Nilimwambia gereji nzima haina hata kadi moja yenye ushahidi. Saini ziko wapi? Mashahidi wako wapi? "Hii si historia," nilisema. "Ni umbea uliotundikwa ukutani."

Sikujua kwamba mzee huyo alikuwa ametumia maisha yake yote ya kazi katika ofisi ya kutunza nyaraka. Alikaa kwenye kiti. Akaweka fimbo chini. Nilianza kujisikia vibaya, ndipo akasema kwa sauti ndogo kwamba nina haki. Amekuwa mvivu kwa kuwa hapa hakuna bosi. Pasi ni ya mama, mama achukue. Yeye atapiga picha aiweke mahali pake. Ila, kwa kuwa nimemkumbusha kazi yake, safari hii kumbukumbu itaandikwa inavyopasa.

Akaleta karatasi mbili na karatasi ya kaboni katikati. Aliandika kwa Kiingereza, polepole, kwa mwandiko mzuri sana: mimi niliyetia saini hapa chini naapa kwamba pasi hii ilikuwa ya mama yangu mzazi, kwamba niliibeba mwenyewe kutoka Bukavu, na kwamba leo nimerudishiwa. Akageuza karatasi kuelekea kwa mama, akaweka kalamu juu, na pasi pembeni. Nilimsomea mama kwa Kiswahili, neno kwa neno, nikijivuna. Nilikuwa nimeshinda. Hata hoja ya nne sikuihitaji.

Mama alishika kalamu. Akaiweka.

"Sioni bien. Lunettes zangu nimeziacha."

"Mama, nimekusomea yote. Na daftari umeandika bila miwani."

"Daftari iko na mistari."

Mzee akachora mstari.

"Muke wa muntu hasaini kitu mu nyumba ya batu bila bwana yake kujua."

Nilimtazama. Huyu ni mama aliyewahi kuuza kabati la baba, baba akiwa amekwenda kuoga. "Tangu lini?" nikamwuliza.

"We mutoto, unauliza sana."

"Mama, ni saini tu. Majoho yako kwenye gunia. Kesho Ijumaa."

Akaitazama tena karatasi, ile ambayo haikuonekana bila miwani. Akanitaka nimwonyeshe neno moja, akaliwekea kidole. "Hapa anasema kuapa. Yesu alikataza tusiape. Hata mbingu, hata dunia."

Haya. Nilimweleza mzee. Hakukasirika, alikuwa Mkristo naye. Akakata neno, akaandika *nathibitisha*, akaweka herufi za jina lake pembeni kama wafanyavyo ofisini. Akafungua na kidau cha wino, kama amayi atapenda kidole badala ya kalamu.

Mama akaficha mikono nyuma. Mtu mzima, mwenye wajukuu watarajiwa, ameficha mikono nyuma kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Mwambie aksanti," alisema. "Mwambie ameitunza muzuri. Ibaki."

"Ibaki?"

"Ibaki, minasema. Tuende."

Na akatoka. Mzee na mimi tulibaki tukitazamana, pasi katikati yetu, kila mmoja akidhani mwenzake ana maelezo. Nilimwomba anipe mimi, nitie saini mimi. Akasema kwa upole kwamba mimi sikuibeba. Ningeweza kubisha nini? Ni mimi niliyekuwa nimemfundisha somo hilo dakika kumi zilizopita.

Nilimkuta mama kwenye kona, anapatana bei na kijana wa kabaza, baiskeli ya abiria, kama mtu aliyetoka sokoni. Nilimwambia amenitia aibu. Nilimwambia siku yetu imepotea, kwamba angeniambia tangu nyumbani hataki kusaini nisingejisumbua kusema. Nilimwambia kwaya yote itasimama mbele ya makanisa kama majani ya kabeji. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nina njaa. Tulikula mandazi tumesimama, nikiwa nimenuna. Kwenye barabara kuu alisema jambo moja tu: "Ule muzee, shati yake inanihurumisha."

Ijumaa alinyunyizia majoho maji, akayakunja kwa kufuata mshono, akagawa nyumba kwa nyumba kwa waimbaji. Kila mtu aliweke lake chini ya godoro, alale juu, na asijigeuze-geuze. Jumapili kwaya ilisimama. Kwa mbali yalionekana safi. Kwa karibu, sauti ya kwanza wote walikuwa na mistari ya mkeka mgongoni, na mwanamume mmoja wa besi, aliyejigeuza, alikuwa na mkunjo kutoka bega hadi goti. Jirani wa maharage alimwambia mama, "Dada, si ungekuja kuniomba?" Baba alipewa kipaza sauti. Alieleza makanisa yote kwamba pasi yetu sasa iko makumbusho, na mama akajifunga upya kitambaa cha kichwa.

Miezi iliyofuata tuliazima tena, hadi mama alipopata nyingine. Kila nilipomuuliza kuhusu Area 49 alisema ni mambo ya Biblia. Niliamini, na nilikasirika zaidi kwa kuamini. Nilimwona kama wale wanaokataa dawa kwa sababu ya mstari mmoja. Niliwaeleza hata marafiki zangu wa chuo, kama mfano.

Mwaka jana dada mkubwa wa mama, aliyebaki Bukavu, alipata simu ya kuonana uso kwa uso, na tukawa tunazungumza naye Jumamosi. Siku moja aliegemeza simu ukutani ili aendelee na kazi, nikaona anapiga pasi shati, pasi ya makala. Nikamtania, nikasema tulikuwa nayo ya namna hiyo, ya bibi, ile mama aliyokuja nayo.

"Ya bibi?" alisema, bila kuinua kichwa. "Ya bibi njo hii ninashika. Mama yako alitoka hapa na wewe ku mugongo na sac moja ya nguo. Pasi angeibeba wapi?"

Mama alikuwa amekaa karibu nami, akisikia. Aliniambia ile iliyobaki Area 49 aliinunua hapa hapa Malawi, sokoni Mitundu, kwa mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya, majuma mawili kabla baba hajafika.