Nani Aanze Kusimulia

Kila Jumamosi alasiri nafundisha historia katika chumba cha nyuma cha kanisa letu huko Hilliard, pembeni mwa jiji la Columbus. Wanafunzi wangu ni vijana wa sekondari. Wengi walizaliwa katika kambi za wakimbizi, wachache hapa hapa Ohio, na wazazi wao walitoka nyanda za juu za Kivu Kusini kama wangu. Mimi nilimaliza shahada ya pili mwaka jana na bado napanga chumba karibu na chuo kikuu, nikijaribu kujua kama kweli nataka kuendelea na masomo au naogopa tu kutafuta kazi. Swali hilo nimelifikiria mpaka limenichoka.

Somo la kwanza niliwaambia waandike, bila kuchunguliana, yaliyotokea Jumapili iliyopita kinanda kilipozimika katikati ya wimbo. Mmoja aliandika kwamba mpigaji alikanyaga waya. Mwingine aliandika kwamba umeme ulikatika jengo zima. Wengi walikubaliana kwamba mchungaji ndiye aliyeanza kupiga makofi ili wimbo usife, isipokuwa binti wa mchungaji, aliyeandika kwamba ni mama yake. Walibishana kwa Kiingereza na kwa Kiswahili mpaka mlinzi wa jengo akachungulia. Nikawaambia kwamba hiyo sasa ndiyo kazi ya mwanahistoria: kila shahidi aulizwe alikuwa amekaa wapi, na alipokuwa akisema, nani alikuwa akimsikiliza. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandaa wiki nzima nikihofia yatawachosha. Nilirudi nyumbani kwa basi nikitabasamu peke yangu.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana wa mwaka wa mwisho, mpole, mwenye tabia ya kutafuna kifuniko cha kalamu. Wakati wa Pasaka vijana wa makanisa yetu kutoka miji kadhaa wangekutana Louisville, naye alikuwa ameomba, akakubaliwa, kusimama mbele ya wazee na kueleza jinsi familia yake ilivyoteremka kutoka milimani wakati wa vita. Kwa kawaida vijana huimba tu. Hakuna aliyewahi kuwaomba waseme. Nyumbani kwao aliyeikumbuka safari hiyo alikuwa mmoja tu, koko wake, yaani bibi yake, kwa sababu mama yake wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Koko asiposema, msichana angelazimika kuliondoa jina lake kwenye ratiba, na vijana wangerudi kwenye nyimbo zao.

Koko hakusema. Msichana aliniletea sauti aliyoirekodi kwa simu, na kila alipouliza kuhusu safari, jibu lilikuwa lile lile, kwa upole: "Sikumbuki, mtoto wangu." Nilimshauri aandike kwamba shahidi hakumbuki, kisha atafute chanzo kingine. Nadhani nilieleza pia, kwa kirefu mno, jinsi kumbukumbu inavyochakaa uzeeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanijibu kwa Kiingereza kwamba koko wake hajawahi kusahau kitu chochote, hata makosa ya watu.

Wiki hiyo nilihangaika. Labda tulikuwa tunachokonoa kidonda. Nilimwandikia msichana ujumbe wa kumwambia aache, nikaufuta, nikauandika upya kwa maneno laini zaidi, nikaufuta tena. Nikampigia mama yangu, anayeishi Louisville, mtaa wa Iroquois, ambako nilikulia. Alikuwa anajiandaa kwenda zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akaniambia nile kwanza, wasiwasi utaningoja.

Jumamosi iliyofuata msichana alifika kabla ya wenzake. Alikuwa ameacha kabisa kumuuliza koko kuhusu safari. Badala yake alimuuliza mengine yote, na koko alikuwa amejibu karibu yote: jina la ng'ombe wa mahari yake na baka jeupe lililokuwa shingoni mwake, wimbo alioimbiwa siku ya kubatizwa, mwanamke aliyechelewa kwenye harusi na sababu aliyoitoa. Lakini mengine alikuwa "hayakumbuki": safari, kifo cha baba yake, siku waliyohama boma. Msichana aliyahesabu kwenye vidole. Katika yote hayo, alisema, kaka mkubwa wa koko alikuwepo. Yu hai, anaishi Buffalo.

"Hajasahau, ticha," aliniambia. "Anamngoja."

Nilikaa kitini. Nimekua nikiliona jambo hilo mezani kwetu. Baba yangu hakusimulia kitu chochote cha ukoo kama kaka yake yupo chumbani. Alikuwa akisema tu kwamba yaya atasema, yaya kwetu akiwa ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Mdogo hafungui neno la nyumbani kabla mkubwa hajalifungua. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, na bado niliposikia sauti ya koko nikadhani nasikia uzee.

Mama wa msichana ndiye aliyepanga mazungumzo na Buffalo, Jumapili baada ya ibada, nami nikaalikwa. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai. Mzee alitokea amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, na dirishani nyuma yake theluji ilikuwa inaanguka. Koko alikaa mwisho wa kochi na sinia ya maharage mapajani akiyachambua, kana kwamba mambo yale hayamhusu.

Mzee aliuliza hali ya kila mtu, mmoja mmoja, nami pia nikaulizwa alikozaliwa baba yangu na kwa nini sijaoa. Kisha msichana akamwomba amweleze ile safari.

"Bon," alisema mzee. "Ile siku mvua ilinyesha sana. Tulipita mu mianzi, miye mbele na ng'ombe, na koko wako nyuma, analia."

Aliendelea kwa muda mrefu na kwa utaratibu. Mkono wa koko ulikuwa umesimama katikati ya maharage. Alipomaliza, mzee alimwita kwenye simu, akamwambia kama kuna kitu ameacha, mdogo wake aongeze.

Koko aliiweka sinia chini.

"Yaya, umesema muzuri," alisema. "Sasa ile mvua uliitosha wapi?"

Kwetu kutosha ni kutoa. Mama wa msichana alicheka mpaka akainuka. Koko hakucheka. Aliuliza, kama mvua ilinyesha, mama yao mgonjwa aliuvuka mto namna gani? Maji yalikuwa chini ya goti, ndiyo maana walipita pale.

"Na sikulia," aliongeza. "Weye ndiye ulilia, juu ya ule ndama alipotea."

Kule Buffalo mzee aliivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi.

"Nililia kidogo," mzee alisema. Kisha akamgeukia msichana: "Huyu mwanamuke, tangu zamani eko vile. Andika. Andika yote."

Walisimulia mpaka chai ikapoa, wakikatizana, koko akipiga mkono kwenye paja kila kaka yake alipokosea kijito. Kwa muda wote huo sikufikiria kitu kingine chochote. Halafu nikaanza kuogopa kwamba simu haikuwa inarekodi. Ilikuwa inarekodi.

Ikabaki shida moja. Msichana akisema mbele ya wazee kwamba mvua haikunyesha, atakuwa amemwaibisha mkubwa. Akisema ilinyesha, atakuwa amemzima koko, ambaye ndiyo kwanza amefungua mdomo. Aliniuliza afanye nini, nami nikampa majibu mengi, kila moja likipingana na lililotangulia. Mwishowe alifunga begi lake na kuniambia atasema yote mawili, akianza na la mkubwa.

Louisville ukumbi ulijaa. Mama yangu alikuwa amenishikia kiti. Mzee wa Buffalo alikuja kwa gari na mwanawe, akakaa mbele, bega kwa bega na dada yake. Msichana alisema kwa Kiswahili, polepole, mkono mmoja ukiwa umeshika pindo la sketi. Alieleza safari kwa maneno ya mzee, kisha kwa maneno ya koko. Alipofika kwa ndama ukumbi mzima ulicheka, na mzee mwenyewe akainua kofia kidogo.

Ndipo mzee mmoja wa kanisa aliposimama.

"Mtoto, umesema muzuri," alisema. "Lakini kweli iko wapi? Mvua ilinyesha ao haikunyesha?"

Nilishika ukingo wa kiti. Msichana aliwatazama wale wawili wa mbele.

"Sijajua bado, mzee," alijibu. "Nataka kuuliza wale walikuwa nyuma yao njiani."

Kisha mwanamke mmoja mwenye kitambaa cha kijani akainua mkono kutoka safu za mwisho, akasema yeye alikuwa nyuma yao, na kwamba yalikuwa manyunyu tu, ya asubuhi. Koko na kaka yake waligeuka kwa pamoja kumtazama ni nani. Msichana alishuka jukwaani akiwa na simu yake mkononi, akaanza kupita katikati ya viti kuelekea nyuma. Mshereheshaji alitangaza kwamba sombe, yaani kisamvu, na ugali viko tayari, na kwa muda mzuri hakuna mtu aliyeinuka.