Isale Ndani ya Kasha

Mnaopenda kucheka, chekeni sasa mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Haya niliyaona mchana, macho yangu makavu, sijaonja hata tone la mbege, pombe yetu ya ndizi. Mke wangu alinisihi niyanyamazie. Nimeshindwa.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Pasua. Mwaka jana alinijia bwana mmoja, Aminieli, mzaliwa wa Masama, mtu wa kazi nzuri Dar, aliyejenga nyumba mpya kwenye kihamba, shamba la urithi la baba yake. Alitaka nimtengenezee ukuta wa kuonyeshea vitabu vya katuni. Ndiyo, katuni. Kila kitabu kilikuwa kimefungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki angavu, limezibwa pande zote, na ukilifungua tu thamani yake imekwisha. Nikamuuliza, sasa unavisomaje? Akasema havisomwi, vinatazamwa. Nikajisemea moyoni kwamba huyu ukimpa mbege ataiweka kabatini aangalie povu. Lakini kazi ni kazi.

Na kazi yenyewe niliipenda, siwafichi. Nilipasua mringaringa mkavu, nikatoa mbao nyembamba zenye ukingo kwa mbele, ili kila kasha lisimame limeegemea nyuma kidogo, lisidondoke wala kumziba mwenzake. Kila mbao niliipima kwa pima maji mpaka kipovu kikatulia katikati. Aminieli aliniagiza jambo moja tu la ajabu: katikati kabisa ya ukuta niache nafasi tupu ya kasha moja. Nilipouliza kulikoni, alisema hicho kimoja kaka yake alikichukua, na nafasi ibaki wazi ili asisahau. Alivyokunja uso, sikuuliza tena.

Siku ya kumalizia aliteremka mjini kufuata taa za kuumulika ukuta, nikabaki peke yangu napanga makasha. Mnajua ukungu wa Masama unavyoshuka alasiri, mara huoni hata mgomba ulio mbele yako. Nikahisi kuna mtu mlangoni. Nilipogeuka nikamwona mwanamume mtu mzima, koti limelowa, sura ni ya Aminieli mtupu ila imekonda. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Niambieni nyie, mtu mzima anaamkiwa kwa heshima anakaa kimya, huyo ana nia gani?

Mkononi alishika kifurushi kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba, na juu yake jani la isale limepigwa fundo. Kwa asiye Mchagga nieleze: isale ni mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Aliyekukosea akikuletea jani lake, anakuomba msamaha, na hilo halikataliwi hata kama alikuchomea nyumba. Ukilikataa, utakalolipata umelitafuta mwenyewe.

"Mpe Amini," akasema. "Kwangu hapokei."

Nikamwambia amsubiri mwenyewe, mimi ni fundi, si mjumbe. Badala ya kusubiri akaingia ndani, akaja kusimama bega kwa bega nami mbele ya ukuta, na harufu ya udongo mbichi ikanijaa puani. Sasa sikilizeni. Makasha yale yanang'aa kama vioo. Ndani ya kila moja niliuona uso wangu, macho yamenitoka. Na ndani ya kila moja nilikuwa peke yangu.

Niliogopa, wala sioni aibu kusema. Yule mtu aliyatazama makasha, moja baada ya jingine, kwa chuki ambayo sijapata kuiona kwa binadamu, kisha akasema taratibu, "Hii ndiyo mara ya mwisho naomba." Nikafumba macho. Nilipoyafumbua hayupo, ukungu ulikuwa umeingia mpaka chumbani, na kile kifurushi kilikuwa juu ya meza yangu ya kazi.

Aminieli aliporudi nilimsimulia yote. Nilidhani atanicheka, lakini hakucheka. Alifungua kifurushi, akatoa kitabu cha katuni kikuukuu, kona zimelika, akakaa chini sakafuni pale pale kwenye vumbi la mbao.

Akanieleza. Kitabu kile walikinunua utotoni, yeye na kaka yake Eliamani, kwa vibarua vya kuchuma kahawa. Eliamani akakificha, akakana katakata. Undugu ukavunjikia hapo, wakakua, wakapata wake na watoto, hawasemezani. Mwishowe Eliamani akiwa mahututi kitandani alimtumia mdogo wake kitabu hicho pamoja na isale. Aminieli akarudisha vyote viwili na kusema azikwe nacho. Na alizikwa nacho. Aminieli mwenyewe alikiona kikiwekwa kifuani kwa maiti kabla jeneza halijafungwa. Kaburi liko kwenye migomba, unaliona kwa dirisha la chumba kile kile.

Nikamwambia, "Bosi, pokea isale. Tamka kwamba umemsamehe, yaishe."

Nikaona midomo inamcheza, nikafikiri atalia. Kumbe wapi. Alisimama, akakipangusa kitabu kwa shati lake, akakitia kwenye kasha jipya, akalibana mpaka likalia, akalisimamisha pale katikati. Isale akalirusha nje dirishani.

"Changu nimekipata," akasema. "Hayo mengine abaki nayo."

Pima maji yangu ilikuwa juu ya mbao. Nilikiona kipovu kikitoka katikati, kikaenda mpaka mwisho wa kioo, kikakaa huko. Sikuaga. Hata drili niliiacha.

Kesho yake alinipigia simu. Kasha la katikati limezibwa vilevile, kitabu hakimo, na ndani kuna jani la isale, bichi, lina fundo. Nikamwambia sasa ni zamu yake: akate isale, aende kaburini, aombe yeye. Alikwenda. Alipiga magoti kwenye tope mbele ya wazee wa ukoo, akalia mpaka watu wakamwonea huruma. Asubuhi isale lake lilikuwa limerudishwa, liko ndani ya kasha jingine, na katuni iliyokuwemo haipo. Akapeleka jingine, nalo likarudishwa. Akachinja mbuzi, wazee wakasema ya kusema, na bado likarudishwa. Na kila mara kasha halina hata ufa.

Mimi pale nilipona, ila si sana. Tangu siku ile kipovu cha pima maji hakitulii nikiishika mwenyewe. Nimenunua nyingine, ni yale yale. Mbao napimiwa na mwenzangu, na mtu akisimama kimya nyuma yangu naangusha nyundo.

Juzi nilipanda Masama kuchukua drili yangu. Ukuta wangu wa mringaringa umenyooka vizuri, na umejaa majani mabichi kutoka juu hadi chini. Aminieli ameacha kazi ya Dar. Amekonda, sura yake sasa ndiyo ile niliyoiona mlangoni, na bado kila jioni anakata isale na kwenda nalo kaburini. Kona ya chini limebaki kasha moja tu lenye katuni. Alinionyesha kwa kidole, akaniuliza, hilo nalo likitiwa isale, atakayefuata ni nani? Nilichukua drili yangu nikaondoka.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama kuna ndugu yako amesimama mlangoni na isale, inuka ukalipokee leo, angali anapumua. Aliye hai akikukasirikia, wapo wazee watakaombembeleza. Aliyekufa akikataa, utamtuma nani?