Ua la Bahari Nyumbani kwa Patron

Nikiloweka makayabu, samaki wale wa chumvi, naisikia tena sauti ile: blu-blu-blu, pampu ndogo ikipuliza hewa ndani ya sanduku la kioo, nyumbani kwa Mzungu, patron, yaani mwajiri, wa papa, baba yangu. Humo, katika maji ya bahari, aliishi mnyama aliyefanana na ua, mwenye mikono laini isiyohesabika. Patron alikuwa safarini. Ua lile likifa, papa angefukuzwa kazi.

Na sasa lilikuwa limejikunja kama ngumi. Kila maji yalipopungua, papa aliongeza mengine pamoja na chumvi. Kwani bahari si chumvi?

Mama, aliyekuja nami kumsaidia papa, akachovya kidole majini, akaonja, akacheka.

"Ee papa, hii iko bahari ao iko supu? Maji inakauka, chumvi inabaki! Hata sufuria yangu inajua."

Wakapunguza maji, wakaongeza ya mvua polepole, kikombe kwa kikombe.

Kesho yake, wao wakiwa jikoni, nilichungulia. Lilikuwa limefunguka lote, jekundu, likicheza pasipo upepo. Nikabaki mdomo wazi. Kisha nikalilisha kipande cha kosa-kosa, uduvi wetu wa mtoni, na mikono yote ikakikumbatia. Nikaingiza kidole changu pia. Kikashikwa, taratibu. Sikukitoa.