Delbert Hutto na Adui Aliyemchoka

Delbert Hutto alikuwa na lori la majitaka, mke mvumilivu, na timu isiyoshindwa. Kwa mtu wa mji wa Pruitt, Alabama, hiyo ni neema ya kutosha. Ukimwambia achague kimoja tu, angechagua timu, na baada ya timu lori. Mkewe Imogene alilijua hilo na wala hakununa.

Timu yenyewe ni Dubu wa Chuo cha Bascomb. Ng'ambo ya mto kuna Chuo cha Tillery, ambacho vijana wake huitwa Bata Mzinga, jina walilojipa wenyewe bila kulazimishwa na mtu. Kila mwaka, Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani ya Novemba, ambapo kila nyumba hula bata mzinga, vyuo hivi hukutana uwanjani, na huko mtu akisema mpira hamaanishi ule wa kupiga danadana. Anamaanisha ule wa kuvaa kofia ngumu na kugongana kama mafahali. Harusi huahirishwa. Hata maziko, familia ikiwa na akili, husubiri Jumatatu.

Zamani Tillery walikuwa moto wa kuotea mbali. Walimliza Delbert akiwa kijana, wakamliza akiwa bwana harusi. Kisha wakaanza kuporomoka. Walifukuza kocha, wakaleta mwingine, wakamfukuza na huyo, na hali ikazidi kuwa mbaya. Mwaka jana walichapwa hadi bendi yao ikafungasha matarumbeta na kuondoka kabla mchezo haujaisha.

Rafiki wa Delbert tangu utotoni, Vester Crum, fundi wa mafriji na mume wa Lurline, alikuwa Tillery damu. Kila mwaka wawili hawa walichoma nyama nyuma ya gari la Delbert nje ya uwanja, wakaingia pamoja, wakatukanana mpaka sauti zikakauka. Sasa msimu huu Vester akaja na habari mpya.

"Jumamosi ile sitakuwepo. Naenda Birmingham na Lurline, kununua mapazia."

"Mapazia?"

"Mapazia, Delbert. Ya sebuleni."

Delbert alirudi nyumbani hana hamu ya kula. Imogene akamuuliza kulikoni.

"Vester anakwenda kununua mapazia."

"Basi?"

"Siku ya mchezo."

Imogene akaweka mwiko chini, akavuta kiti. "Mungu wangu," akasema.

Delbert aliwaza wiki nzima akaona jibu ni moja: Vester amechoka kupigwa. Tillery wakiinuka, na Vester atarudi. Na wasipoinuka, ushindi una utamu gani kama hakuna wa kumrushia maneno? Basi akavuka mto kwenda kutazama mazoezi ya adui, kofia imeshushwa hadi puani. Kocha mpya alikuwa kijana mwenye meno mengi. Mchezaji mmoja alidondosha mpira, akauokota, akaudondosha tena. Lakini palikuwa na jitu moja kutoka Georgia lililowasukuma wenzake kama linafungua mlango. Delbert alijikuta anapiga makofi.

Hapo angenyamaza, mambo yangekwisha. Lakini Delbert hajui kunyamaza. Alipiga simu redioni, kwenye kipindi cha mpira ambacho Pruitt nzima husikiliza.

"Msikilizaji wetu, unaitwa nani?"

"Naitwa, ee, Carl. Mimi ni mtu wa Tillery, na nasema tutarudi! Lile jibaba la Georgia..."

"Carl, mbona sauti yako ni ya Delbert Hutto aliyekuja kuninyonyea choo juzi?"

Delbert akakata simu. Tangu siku hiyo, kila alipopita, watu wazima wenye heshima zao walimwigizia mlio wa bata mzinga. Yeye alivumilia. Aliyemngoja ni Vester tu.

Vester alikuja nyumbani kwa Delbert mchana wa Sikukuu ya Shukrani, uso umemwiva kwa hasira, wageni wameshakaa mezani.

"Umenitetea redioni?"

"Nilitaka ujue kuna matumaini."

"Nani kakuomba matumaini?"

"Si umechoka kupigwa ndiyo maana unakimbilia mapazia!"

"Kupigwa?" Vester akacheka bila furaha. "We mzee, mimi kupigwa nimezoea. Haya niambie, mwaka jana tulipochapwa, wewe ulifanya nini?"

Delbert akafikiri. "Nilikuletea pai."

"Pai ya viazi vitamu! Miaka yote mkishinda unaniletea paja la bata mzinga lenye utepe, unaniambia nipokee maiti ya ndugu yangu, nakubamizia mlango usoni, nafurahi wiki nzima. Mwaka jana ukaja na pai. Ukavua kofia. Ukaniambia pole. Pole, Delbert! Lurline alilia akidhani kuna mtu kafa."

Delbert aliona aibu. Mwaka mzima alikuwa akijisifu moyoni kwa uungwana ule.

"Nilikuonea huruma," akasema.

"Huruma kamwonee mgonjwa. Mimi naumwa nini?"

Imogene akaita kutoka ndani: "Delbert, kama una la kumwambia mwambie, chakula kinapoa."

Delbert akakohoa. "Kocha wenu anafanana na muuza bima."

Vester akatulia. "Endelea."

"Na lile jitu la Georgia linakimbia kama kabati linaloshushwa ngazini."

"Afadhali kabati kuliko wewe," Vester akasema, na midomo ilikuwa inamcheza. "Lurline ataenda Birmingham na dada yake."

Jumamosi hiyo Tillery waliongoza. Naam, waliongoza, karibu mpaka mwisho, na Vester alivua shati kwenye baridi akalizungusha juu ya kichwa. Kisha mchezaji wao akarushiwa pasi akiwa peke yake, hana mtu wa kumgusa, mpira ukamponyoka. Dubu wakauchukua, wakashinda.

Vester alisimama ameshika chuma cha jukwaa, macho mekundu, na haikuwa maigizo. Delbert alimwonea huruma. Neno la pole lilikuwa limeshafika ulimini. Akalimeza.

"Vester," akasema, "ule mpira hata marehemu mama yangu angeudaka."

Vester akageuka polepole, machozi yanamtiririka. "Mama yako alikuwa mtu wa Tillery."

"Ndiyo maana nikasema hata yeye."

"Mwaka kesho tutawararua, mnyonya vyoo we!"

"Mtachapwa."

"Tutawararua!" Vester alipiga kelele hadi watu wakageuka, na Delbert, ambaye timu yake ndiyo kwanza imeshinda, alikuwa amengoja mwaka mzima kutukanwa namna hiyo.