Tulivyofundishwa Kuangalia

Kama uliwahi kubeba kinyesi cha ng'ombe kwenye kopo la rangi ukakipeleka shuleni siku ya Ijumaa, ili msilibe sakafu ya darasa, basi wewe na mimi ni wa rika moja na haya nayasema kwako. Hawa wa leo, waliokuta vigae, wanaweza kuendelea na mambo yao.

Shule yetu ilikuwa Itiryo, mlimani, mahali ambapo asubuhi ukungu ulituzuia kuona hata mlingoti wa bendera. Tulikuja na dumu la maji, kuni moja moja, na tumboni uji wa wimbi uliokuwa mzito kiasi kwamba mtu angeweza kukaa nao mpaka jioni. Kiswahili chenyewe tulikuwa tunakikuta darasani, maana nyumbani ni Kikurya tu. Kiingereza ndiyo usiseme. Tulijua kumsalimia mwalimu kwa wimbo na kuomba ruhusa ya kwenda chooni, tukaona inatosha.

Halafu akaja Mwalimu Mugesi. Alikuwa binti wa Nyambureti, kule Serengeti, mdogo kwa umri, mwenye baiskeli ya kike na sauti ya upole ambayo ilitushangaza, kwa sababu walimu wengine walizungumza kwa fimbo. Siku moja akaandika ubaoni neno "look" akasema Wazungu hawaangalii kwa neno moja. Wana maneno mengi, na kila moja lina jicho lake. Kamusi ya shule ilikuwepo, lakini kurasa zake nyingi mlinzi alishazisokotea tumbaku. Kwa hiyo mwalimu akaamua tuigize.

"Stare" akapewa Chacha, mtoto wa baba mdogo. Hakuhitaji hata maelezo, alikodoa macho vilevile alivyokuwa akiikodolea sahani ya nyama ya mgeni. "Glance" ni bibi harusi anayekutana na baba mkwe njiani, anatupa jicho mara moja na kulirudisha chini. "Peep" tuliijua sote, kwa sababu ukuta wa banda la video pale senta ulikuwa na matundu mengi kuliko udongo. Na "glare", ndugu yangu, ni lile jicho la mama yako pale mgeni anapokuambia karibu ule, na wewe unataka kukubali. Jicho lile lilikushibisha papo hapo. Leo mtoto ukimtolea jicho hilo anakuuliza, "Mama, unaumwa?"

Mimi nikapewa "gaze". Mwalimu akasema ni kuangalia kwa utulivu, kwa muda, kitu unachokipenda. "Wankuru, nenda nyumbani umtafute mtu anayeangalia hivyo, uje utuonyeshe."

Nikatafuta. Mama macho yake yalikuwa kwenye chungu na moshi, na kaka zangu hawakuwa watu wa kutulia. Akabaki baba. Kila jioni alisimama kwenye lango la zizi ng'ombe wakiingia. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa namba, kuwahesabu ni kuwaitia mkosi. Mwenye boma husimama akawaangalia wakipita, na asiyekuwepo anamjua. Nikasema huyu ndiye.

Tatizo ni kwamba sikuwahi kumwangalia baba usoni. Msichana wa wakati ule alimsalimia baba yake ameinamisha kichwa, akapiga goti akaweka ugali, akaondoka. Nilizijua kandambili zake za tairi na fimbo yake kuliko nilivyoijua pua yake. Heshima ndiyo ilikuwa hivyo, na hakuna aliyetuambia kwamba ina hasara.

Jioni hiyo nikajifanya namshika ndama, nikainua uso. Ng'ombe walikuwa wanapita mbele ya baba, na kichwa chake hakikuwafuata. Kilikuwa kimeinama upande, sikio likielekea langoni. Alikuwa anawatambua kwa kwato, kwa kengele, kwa namna kila mmoja anavyopumua. Nikasogea karibu zaidi, nikaona macho yake yote mawili yana utando, kama maziwa yaliyopoa.

"Nani hapo?" akauliza. Nilikuwa hatua chache tu mbele yake.

"Ni mimi, Tata. Wankuru."

"Unafanya nini?"

"Nakuangalia. Ni kazi ya shule."

Akamsikiliza ng'ombe wa mwisho akiingia. Kisha akasema taratibu, "Umeona, eh? Basi usimwambie mtu, hata mama yako. Wezi wakisikia mwenye boma haoni, hawa ng'ombe hawamalizi mwezi."

Nilikuwa mtoto lakini nilielewa. Wale ng'ombe ndio walikuwa sare zetu, dawa zetu, mahari ya kaka zangu. Na ndio waliomfanya baba aitwe mzee kwenye kikao. Nilibeba siri ile nikaona ni nzito kuliko dumu la maji.

Zamu yangu ilipofika darasani, nilisimama mbele nikamwigiza baba kama nilivyomwona. Wenzangu wakacheka. Mwalimu Mugesi hakucheka. Akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Huyo unayemwonyesha haangalii, Wankuru. Huyo haoni. Ni nani?" Nililia tu.

Jumamosi alifika nyumbani na baiskeli yake. Akampa baba shikamoo, akanywa maziwa mgando, akazungumza habari za mvua na mahindi. Habari ya macho ya baba hakuigusa. Alipotaka kuaga ndipo akasema, "Mzee, nina shida. Macho yananisumbua nikisahihisha madaftari, na nasikia wiki ijayo madaktari wa macho watakuwa hospitali pale Tarime mjini. Mimi ni mgeni huku. Naomba wewe na mama mnisindikize."

Baba aliwasikiliza kuku wa uani mpaka wakaingia ndani wote. Kisha akasema, "Mgeni haachwi peke yake. Nitakusindikiza."

Baba alikutwa na mtoto wa jicho, akabakizwa hospitali kufanyiwa upasuaji. Hatukulala vizuri walipokuwa huko, mimi hasa, nikiwaza kwamba ikishindikana itakuwa kwa sababu yangu. Waliporudi ilikuwa jioni, na baba alitembea mbele ya mama bila kushikwa. Alipita moja kwa moja hadi zizini, akasimama langoni, na safari hii kichwa chake kilimfuata kila ng'ombe. Kisha akatuita watoto wote.

Tukaja tukainamisha vichwa kama kawaida.

"Inueni nyuso," akasema.

Tukainua. Akatupitia mmoja mmoja, bila haraka. Alipofika kwa mdogo wetu Gati, aliyekuwa ameanza kutembea, akamuuliza mama, "Huyu ndiye Gati?"

"Ndiye."

"Kumbe amechukua sura ya mama yangu."

Mama aligeuka akaingia jikoni. Tulimsikia analia.

Siku hizi naishi Mwanza. Juzi mwanangu alipewa kazi ya shule ya neno hilohilo, akabonyeza simu, akapata orodha ndefu kabla sijamaliza kukaa. Nilitaka kumwambia habari ya Chacha na nyama, akasema, "Asante mama, nimeshapata."

Likizo niliwapeleka wanangu wote Itiryo. Baba amezeeka, ng'ombe wamepungua, lakini macho bado ni mazima. Wanangu walimwamkia shikamoo wakakaa kwenye benchi mbele yake, kila mmoja ameinamia simu yake. Aliwaangalia muda mrefu, akiwapitia mmoja mmoja. Kisha akanigeukia.

"Hawa wajukuu zangu wana adabu kuliko nyinyi," akasema. "Hawainui vichwa kabisa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.